Karanga za Heshima Kule Makambako

Jamani, kuna watu aibu zao husimuliwa kwa kunong'ona, lakini yangu mimi ilionwa na Makambako nzima, madereva wa malori, Mhindi wa duka na wateja wake wote, kwa hiyo sina cha kuficha, sogeeni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi (na wala haihitaji chumvi, inatosha ilivyo).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi naishi Yakobi, kijiji cha karibu na Njombe, na mume wangu na watoto watatu. Nilipojifungua huyo wa tatu ndipo pumu iliponianza, mtu mzima mimi, sijawahi kuumwa hata jino, nikaanza kukoroma kifuani mchana kweupe kama nimemeza paka, nikipanda kilima kidogo tu nasimama najifanya naangalia mandhari. Basi kila mama wa kwaya alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema acha maziwa, mwingine acha maharage, wa tatu akasema kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni (nikala, mume wangu akahamia kwenye kitanda cha watoto), na mimi kwa ujinga wangu nikawasikiliza wote kwa pamoja, nikaacha karibu kila kitu isipokuwa ugali na maji, nikakonda mpaka gauni la kanisani likawa linazunguka lenyewe.

Dresa wa zahanati ya misheni aliponiona akacheka kwanza, ndipo akanikemea. "Mama Naftali, ukiacha vyote kwa mpigo utakonda na pumu utabaki nayo. Wengine pumu yao haijali chakula kabisa. Wengine kuna kitu kimoja tu kinachowafunga. Acha kimoja, kaa, sikiliza kifua, kisha kirudishe, uache kingine."

Nikaacha maziwa, kifua kile kile. Nikaacha mayai, kile kile. Nikaacha dagaa, nikaumia roho tu. Karanga nilizibakiza mwisho kwa makusudi kwa sababu karanga mimi nilikuwa nazipenda kupita kiasi, kila Jumamosi sokoni Njombe mkononi nina kifurushi changu, natafuna huku nasalimia watu. Nilipoziacha, nikalala chali kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nikajaribu tena kiganja kimoja (kwani mtu unaachana vipi na rafiki bila kuagana), na kabla sijakimaliza kifua kikafunga, nikawa navuta hewa kama navuta kamba kisimani. Dresa akanipa vidonge kwenye kibati, akaniambia nisitoke bila kibati hicho, na kwamba kahawa nyeusi kali nayo husaidia kidogo nikikwama mahali, na nisizijaribu tena karanga, majaribio yametosha. Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli, tatizo halikuwa kuelewa.

Tatizo lilikuwa Eva. Eva ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ananyonya, na alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili kwa dharau mpaka watu wakaanza kumsema, halafu akampata Lutengano, kijana wa Makambako aliyekuwa fundi seremala pale Njombe, akampenda hata chumvi akawa anasahau kutia kwenye mboga. Nilitaka huyu mtoto aolewe na huyu kijana kuliko nilivyotaka kupumua, na mtaona kwamba hilo silisemi kwa mzaha.

Sasa katika ukoo wetu, kabla binti hajatolewa, shangazi yake lazima aende kwa kina mume kuona jiko. Ndivyo tulivyokuwa tukiita, lakini kuona jiko si kwenda kuangalia mafiga, ni kwenda kula. Chungu kinafunuliwa mbele ya wote, mama mwenye nyumba anaonja kwanza ili ijulikane hakuna kitu kibaya ndani, kisha tonge la kwanza ni la shangazi. Shangazi akimeza, mambo yamekwisha, kinachobaki ni siku ya ndoa. Shangazi asipokula, amesema bila kusema kwamba nyumba ile ni ya wachawi, na hapo hakuna ndoa wala salamu. Binti mwenyewe siku hiyo hafungui mdomo hata kidogo, anakaa mkekani kichwa chini, kanga imemfunika uso, hata akiulizwa kama ana kiu.

Asubuhi ya safari Baba Mkubwa, yule kaka mkubwa wa baba yangu aliyekuwa anatuongoza, akaniita pembeni. Alikuwa amevaa viatu vyeusi alivyoazima kwa mwalimu, vinang'aa. "Sikiliza wewe," akasema, "huko tuendako usitaje kifua. Ukisema pumu, watasema ugonjwa uko kwenye ukoo, na mtoto tutarudi naye kwenye lori. Na hicho kibati chako kinalia cha-cha-cha, kila mtu atauliza kina nini. Kiache."

Nikakiacha! Nikakitoa kapuni nikakirudisha juu ya kabati, Eva mlangoni anasikia yote. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo, haukuchukua hata muda wa kufunga kilemba, na nikajiambia kwani nani atapika karanga siku ya wageni, siku ya wageni ni kuku na ugali, basi.

Tukapanda lori la mizigo, sisi watatu na kapu letu la viazi na njegere, tukafika Makambako nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Nyumba ya kina Lutengano ilikuwa nyuma tu ya maduka, pale njia panda, na mama yake alikuwa mfugaji wa kuku, akiwauzia watu wa malori mayai na kuku wa kuchemsha. Mwanamke mnene, mchangamfu, akaja mbio akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. "Kamwene, Shangazi, kamwene!" Nikampenda hapo hapo. Tukaingizwa sebuleni, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka: mimi, Eva na kanga yake usoni, na bibi yake Lutengano, kikongwe mwenye macho makali. Baba Lutengano, mzee mrefu wa maneno machache, akaomba sala ya chakula.

Kisha Mama Lutengano akapiga magoti mbele yangu, anatabasamu hadi machozi yanamlenga. "Shangazi, mwanangu ameniambia yote. Amesema kila Jumamosi alikuwa anakuona sokoni na kifurushi chako. Nikasema huyu shangazi leo hali kama mgeni wa kawaida, leo atakula akipendacho!" Akafunua chungu cha kwanza: kuku wa karanga. Akafunua cha pili: majani ya maboga kwa karanga. Akavuta sinia: karanga za kukaanga. "Nimetwanga tangu jana. Na bibi amezibangua mwenyewe kwa vidole vyake, mwone."

Bibi akanyoosha vidole. Vilikuwa vimechubuka kweli.

Nikamtazama Baba Mkubwa, Baba Mkubwa akatazama dari. Mama Lutengano akaonja kila chungu kama desturi inavyotaka, akanimegea ugali, akachovya kwenye mchuzi mzito, akaninyooshea. Nyumba nzima inanitazama. Na mimi, badala ya kusema maneno matatu tu ya kweli, nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, samahani sana, ukoo wetu kuku ni mwiko."

Kisha nikasikia kitu kinatafunwa. Baba Mkubwa, wa ukoo wangu, damu yangu, alikuwa amekwisha kupewa firigisi yake kama mzee wa heshima (tena ilichomwa kando, bila karanga, wazee wana bahati zao), nayo ilikuwa mdomoni. Akaacha kutafuna. Akabaki shavu limevimba, hawezi kumeza wala kutema, ananitazama kwa macho ya mtu anayepanga kunichapa tukifika nyumbani, ingawa nilikuwa mama wa watoto watatu.

"Ni kwa wanawake tu," nikaongeza haraka. "Wanaume wanakula. Wanawake wa ukoo wetu ndio hatuli."

Nikaona uso wa Mama Lutengano unashuka. "Wanawake wote?" akauliza polepole. "Hata Eva?" Akatazama mlangoni, nje kuku wake wamejaa ua mzima. "Maana mimi, Shangazi, nilikuwa namngoja Eva tushirikiane hii kazi. Sasa mkwe asiyegusa kuku, hapa kwangu, atakaa wapi?"

Chini ya kanga Eva akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mungu wangu, nilikuwa nimekuja kumwozesha na sasa ninamwachisha! Nikasema hapana, hapana, mwiko wenyewe ni kwa wanawake waliokwisha kuzaa watatu. (Watatu! Sijui nililitoa wapi hilo.) Bibi akacheka puani.

"Basi hakuna neno," akasema Mama Lutengano, akajikaza, akavuta chungu cha pili. "Majani haya hayana kuku. Kula majani."

"Jino linaniuma," nikasema.

"Maskini! Ngoja, nina kitu laini," akatoka mbio, akarudi na bakuli la uji wa moto, mzito, mweupe, unanukia mpaka uani. Uji wa karanga. Huyu mama alikuwa amefikiria kila kitu.

Nikasema utapoa kidogo. Nikasema nimeshiba vumbi la njiani. Nikasema naomba nitoke nikanawe tena mikono, ingawa nilikuwa nimenawa na walikuwa wameniona, nikatoka na bakuli lenyewe (fikirini, mtu anaenda kunawa na uji!), nikainama nyuma ya banda la kuku niumwage. Mnawajua kuku? Walinijia wote. Wakanirukia, wakapigania uji, mmoja akapanda begani, kelele mpaka watu wa lori lililosimama barabarani wakageuka. Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama na vile vidole vyake.

"Anawajaribia kuku," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini nyumba nzima ilisikia. "Anaangalia kama watakufa."

Niliporudi ndani na manyoya kwenye kilemba, Baba Lutengano alikuwa amesimama. Hakuonekana mwenye hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, alionekana ameonewa. Akamwambia Baba Mkubwa, "Mzee, mimi ni mkristo. Mke wangu ameonja mbele yenu. Kama mmesikia maneno mabaya juu ya nyumba yangu mngeyasema kule kule Njombe, msingekuja kunivua nguo mbele ya mwanangu. Mchukueni binti yenu." Lutengano alikuwa ameinamisha uso kwenye mikono. Na chini ya ile kanga nikaona mabega ya Eva yanatikisika.

Nisingeweza. Nyinyi mngeweza? Nimembeba yule mtoto mgongoni, naijua sauti ya kilio chake hata akilia bila sauti. Nikakaa chini, nikavuta chungu cha kuku, nikamega tonge kubwa kuliko adabu, nikachovya, nikameza. Nikamega jingine. Nikachota na karanga za sinia nikatia mdomoni. "Tamu," nikasema, na kweli zilikuwa tamu, hapo sikusema uongo, zilikuwa tamu ajabu.

Nyumba ikashusha pumzi. Mama Lutengano akapiga vigelegele. Baba Lutengano akakaa, akafuta uso. Baba Mkubwa akameza firigisi yake hatimaye. Na mimi nikaanza kukohoa.

Kwanza nikajifanya nimepaliwa. Kisha midomo ikaanza kuniwasha na kuvimba, kifua kikaanza kupiga filimbi, filimbi ya kusikika, kisha ikawa hewa inaingia kidogo na kutoka haitoki kabisa. Nikashika nguzo ya mlango. Na hapo Baba Mkubwa, yule yule aliyeniambia nisitaje kifua, sijui ni hofu au ni uzee, alisahau kila alichokijua juu ya kifua changu, akaruka juu na fimbo yake akapaza sauti, "Mmemlisha nini? Mmemlisha nini mtoto wangu?"

Basi ndiyo ikawa hadithi mpya. Bibi akapiga yowe. Majirani wakaja, watu wa lori wakaja, Mhindi akafunga duka akaja, mtu mmoja nisiyemjua akawa anasema tuite askari wa boma, mwingine anasema nipewe maziwa, mwingine nipewe maji ya majivu, na mimi katikati nanyoosha mikono nikitaka kusema neno moja fupi, pumu, herufi nne tu, na pumzi ya kulisemea sina. Nilisema "pu", nikaishia hapo. Watu wakajibu, "Anasema pu! Ni sumu hiyo!" Kisha nikatapika yote mbele ya umati, na yote yakaenda kwenye viatu vya mwalimu.

Ndipo Eva akasimama. Alivua kanga usoni akaitupa chini, mchumba, siku ile, mbele ya baba mkwe na watu wa malori, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Shangazi yangu ana pumu! Karanga zinamfunga kifua, dresa alimkataza, na amekula kwa ajili yangu. Babu, weka fimbo chini! Wewe ndiye uliyemwambia aache vidonge. Mama, kahawa! Kahawa nyeusi, kali, na ninyi wote tokeni mlangoni apate hewa!"

Wakatoka. Wote, hata Mhindi. Nikakalishwa wima kwenye kigoda nje, Mama Lutengano akaja na kahawa waliyokuwa wakiwauzia madereva, ya kuamsha maiti, nikanywa funda kwa funda huku Eva ananishika mgongo ananihesabia pumzi kama nilivyokuwa nikimhesabia yeye hatua zake alipokuwa mdogo. Kwa kuwa karanga zilikuwa zimetoka tumboni karibu zote, kifua kikaanza kulegea, polepole mno. Dresa aliniambia baadaye kwamba ilikuwa bahati tu, na nisije nikaitegemea tena.

Nilipoweza kuinua kichwa, Baba Lutengano alikuwa amechuchumaa mbele yangu. "Pumu?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali, nikingoja atuambie lori la kurudi linaondoka saa ngapi. Yule mzee akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Pumu tu! Jamani, ni pumu tu! Mimi nilikwisha kuona tumeitwa wachawi mpaka Njombe!"

"Kwa hiyo hamuogopi?" akauliza Baba Mkubwa kwa unyonge, anafuta viatu kwa majani. "Ugonjwa wa ukoo?"

"Ukoo upi hauna lake," akasema bibi. "Hata babu yake huyu Lutengano alikuwa anatembea usingizini, aliwahi kukutwa uchi amelala kwenye zizi la jirani."

"Mama!" Mama Lutengano akamziba mdomo. "Tulisema tusiliseme hilo!"

Hapo sijui nani alianza kucheka, nadhani ni Lutengano, lakini tulicheka wote, mimi kwa filimbi. Kisha Mama Lutengano akakumbuka jambo, akamgeukia Eva kwa woga. "Na kuku je, mwanangu? Kweli ni mwiko?"

"Nakula, mama," akasema Eva, akiokota kanga yake. "Hata shingo."

Lakini desturi ni desturi, tonge langu nilikuwa nimelirudisha, halikuhesabiwa. Mama Lutengano akaingia jikoni, akaosha sufuria mara mbili, akachemsha yai moja na viazi vyetu wenyewe tulivyokuja navyo. Akalimenya lile yai mbele yangu, akauma nusu, akanipa nusu. Nikameza. Baba Lutengano akasema amina, na Eva akawa wao.

Jioni wakatusindikiza barabarani. Mama Lutengano alikuwa amenishika mkono muda wote. Lori lilipowasha mashine akanivuta karibu. Alikuwa analia, na alikuwa amenikasirikia. "Shangazi," akasema, "ningekupikia hata maboga matupu, ningefurahi. Sasa ona. Ungekufa kwangu kwa adabu, na sisi tungefungwa kwa kupika."

Tangu siku ile nikiingia nyumba ya watu, iwe ya mchungaji au ya mkwe, kabla sijauliza habari za watoto nasimama mlangoni natangaza kwamba nina pumu na karanga sili, anayetaka kunicheka anicheke nikiwa napumua.